Wati elfu kumi na mbili

Jamani mimi ninyamaze? Asubuhi hii nimewasha sabufa mpya nisikilize taarifa ya habari, mtangazaji anaongea kama kafungiwa kwenye pipa, bum bum waziri bum bum, nimetoka sebuleni sijui waziri kateuliwa au katumbuliwa. Na ile ilikuwa hela ya ada.

Nilienda pale Mwanga, hapa Kigoma, na msimamo wangu kabisa, mtu mzima, saa mkononi, nataka kitu cha kusikia maneno basi. Kijana wa duka akaniangalia viatu kwanza. "Mzee wangu beba hii, wati elfu kumi na mbili." Nikaigeuza, kile kikaratasi cha nyuma kinasema 60W. Hii sitini ya nani? Akanijibu bila hata kupepesa, "Hiyo ya kuingia mzee, inayotoka ndo elfu kumi na mbili, si unaona wameandika PMPO?" Nikamwambia mdogo wangu, mimi nimekulia kwenye mawese, sijaona mtu anatia debe moja anatoa madebe mia mbili, kama mashine hiyo ipo tuipeleke Gungu ikawashe taa mtaa mzima. Hiyo PMPO ni wati ya kufumba na kufumbua, nionyeshe RMS, ile wati ya kweli inayodumu. Akanionyesha taa. Zinabadilika rangi! Akabonyeza rimoti, kioo cha duka kikatetemeka, akina mama wa dagaa pale nje wakaanza kukatika, na mimi bila kujua bega linacheza, na bega la mtu mzima likishacheza ujue hela imeshatoka.

Rimoti ilikufa kesho yake. Umeme nisiseme.

Nikaita fundi. Kasimama mlangoni, kapiga kofi moja, kofi likarudi mara tatu, akacheka. Eti spika si mbaya hivyo, tatizo nyumba, bati halina silingi bodi, sakafu saruji tupu, ukuta mtupu, halafu nimeibana konani na kona ndo inafurisha besi. "Baba, angalia spika na chumba kwanza, wati baadaye." Elfu tano hiyo, kwa kofi! Ila nimeivuta katikati ya ukuta, nikaegemeza godoro upande wa pili, kweli maneno yakaanza kutoka. Sasa mama watoto anauliza usiku tutalalia nini, RMS?

Halafu jirani hapo ana redio ya mbao ya marehemu baba yake, spika moja, mfuniko wa nyuma ulishapotea, unasikia mpaka mtangazaji akimeza mate. Ananiita dirishani, "Jirani, njoo usikilize habari huku." Mimi! Siendi.

Nimesogeza kiti karibu na dirisha tu kwa sababu ya joto. Na mvua ikishapiga bati hili hakuna wati itakayosikika, wingu lenyewe hilo limeshasimama kule ziwani, dagaa wako juani, hivi humu ndani hakuna mtu wa kuanua mpaka niseme mimi?