Tundu limeshazibwa, kiraka tumekikataa

Wiki iliyopita niliitwa Iringa, kwenye ofisi moja ndogo ya msaada wa kisheria, kuangalia printa. Printa yenyewe haikuwa na neno, kipande cha karatasi kilikuwa kimenasa ndani. Nilipokaa kwenye kompyuta ya masijala kuchapisha ukurasa wa majaribio, nikakuta programu ya barua pepe iko wazi, na kwa sura yake tu nikajua ni ya zamani. Nikafungua sehemu inayoonyesha toleo: la mwaka 2021. Masasisho yamezimwa. Hayakuzimika kwa bahati mbaya. Kuna mtu aliingia kwenye mipangilio akaondoa tiki kwa mkono wake.

"Mwanangu, hapo usipaguse," akaniambia mama anayeitumia. "Fundi alisema ikijiapdeti inakula bando, halafu inavurugika. Barua zangu zinaingia na kutoka vizuri tu."

Zinaingia na kutoka, ni kweli. Na ndani yake yamo majina ya wajane wanaodai mirathi, hati za mashamba zilizoskaniwa, maelezo ya mabinti waliokimbia nyumbani na mahali walikofichwa. Programu sitaitaja, kwa sababu kosa si lake. Walioiunda waliziona dosari zake, wakazirekebisha, wakayatoa marekebisho bure kwa dunia nzima. Yalipobisha hodi, sisi ndio tuliokataa kufungua mlango.

Nimerudi na hasira, na hasira hiyo haimhusu yule mama hata kidogo. Inatuhusu sisi mafundi.

Tumewaaminisha watu kwamba programu isiyoguswa inabaki salama kama siku ilipowekwa, mithili ya jembe lililotundikwa ukutani. Si hivyo. Programu ya barua pepe huzidi kuwa hatari kila mwezi hata kama hakuna aliyeigusa, kwa sababu kiraka, yaani marekebisho ya kuziba dosari, kinapotolewa, na tundu linatangazwa. Taarifa ya usalama hutoka ikieleza dosari ilikuwa wapi na inaleta madhara gani. Anayetaka zaidi huchukua toleo la zamani na jipya, akayalinganisha, akaona kilichobadilishwa. Kwa aliyesasisha, habari imeishia hapo. Ambaye hajasasisha, wezi wamepewa ramani ya nyumba yake.

Tarehe 14 Machi 2023 Microsoft ilitoa kiraka cha dosari ya programu yake ya barua pepe, Outlook ya Windows, iliyopewa namba CVE-2023-23397. Walioiripoti ni CERT-UA, timu ya Ukraine inayoshughulikia mashambulizi ya mtandaoni. Namwomba kila fundi anayesema "mimi watu wangu nimewafundisha wasibonyeze viungo" aisome taratibu. Kikumbusho cha miadi katika Outlook kinaweza kuja na mlio wake, na mtumaji ndiye anayetaja faili la mlio liko wapi. Mshambuliaji anataja seva yake mwenyewe, kompyuta yake iliyoko mtandaoni. Kikumbusho kikilia, Outlook inakwenda yenyewe kuuchukua ule mlio, na katika kujitambulisha kwa seva hiyo inaikabidhi alama iliyotokana na nenosiri la mtumiaji. Kwa alama hiyo mwizi anaweza kuingia kwingine kwa jina lako. Barua hujaifungua. Kiungo hujakibonyeza. Labda hata ofisini haupo, umetoka kwenda kula.

Katika kipimo cha ukali dosari hiyo ilipewa 9.8 kati ya 10. Microsoft walipochunguza wakakuta dalili kwamba ilikuwa ikitumika tangu Aprili 2022, karibu mwaka mzima kabla ya kiraka. Na kiraka kilipotoka, hazikupita siku nyingi watafiti wakaonyesha hadharani jinsi shambulio linavyofanyika. Nia yao ilikuwa njema, ila anachosoma mtafiti na mwizi anakisoma. Kisha Mei mwaka huohuo Ben Barnea wa kampuni ya Akamai akabaini kwamba ukiongeza alama moja tu ya uandishi kwenye anwani ya lile faili la mlio, ulinzi wa Machi unaupita. Microsoft ikatoa kiraka cha pili. Maana yake ni kwamba hata aliyesasisha Machi, kisha akazima akidhani amemaliza, aliachwa na mlango nusu wazi.

Sasa nije kwenye programu ya barua pepe ninayoitumia na kuipenda, Thunderbird. Toleo la 78, la mwaka 2020, lilileta usimbaji wa OpenPGP, njia ya kuifunga barua isomwe tu na mwenye ufunguo wake, ndani ya programu yenyewe. Mwaka uliofuata ikagundulika kwamba kuanzia toleo la 78.8.1 hadi 78.10.1, funguo za siri alizoingiza mtumiaji zilikuwa zinahifadhiwa kwenye diski bila kufungwa, hata kama mtu ameweka nenosiri kuu. Aliyeshtuka ni mtumiaji wa kawaida: anasoma barua zilizosimbwa na hakuna kinachomwuliza nenosiri. Wasanidi walipofuatilia wakakuta chanzo ni mpangilio wa hatua walioubadilisha wenyewe. Ufunguo ulikuwa unafungwa kwanza, ndipo unanakiliwa kwenda mahali pake pa kudumu, nao waliamini kufuli litahama pamoja nao. Kufuli halikuhama.

Toleo la 78.10.2 likarekebisha, na hapa ndipo pananiuma. Marekebisho hayo hayakuishia kwa funguo zitakazoingizwa baadaye. Yalirudi nyuma kuzifunga zile zilizokwisha kuachwa wazi. Mtumiaji hakutakiwa kujua RNP, sehemu ya programu inayoshughulikia funguo, ni nini wala kupiga simu kwa yeyote. Alitakiwa kulipokea toleo jipya, basi. Aliyebaki kwenye toleo lenye dosari kwa sababu fundi alizima masasisho, funguo zake ziko wazi mpaka leo, na moyoni ametulia kwa kuwa nenosiri aliliweka na programu ikalikubali. Huyo ni mwandishi wa habari anayeficha chanzo chake. Huyo ni wakili. Tumemwacha alale akiamini amefunga mlango.

Kuna dosari nyingine huwa nazisimulia kwa vijana ninaowafundisha, waone kazi hii ilivyo ngumu. EFAIL, iliyotangazwa Mei 2018 na watafiti wa vyuo vikuu vya Münster, Bochum na Leuven, ndiyo iliyonifunza zaidi. Mwizi anachukua barua yako ya zamani iliyosimbwa, ambayo hawezi kuisoma, anaiweka katikati ya vipande viwili vya kwake. Kipande cha mbele kinaanza anwani ya picha bila kuifunga, cha nyuma ndicho kinachoifunga. Anakutumia. Programu yako inaifungua barua ya kati kwa ufunguo wako, inaviunganisha vipande vitatu, inaiona barua nzima kuwa sehemu ya anwani ya picha, na inakwenda kuiomba picha hiyo kwenye seva ya mwizi ikiwa imebeba maneno yako yote. Katika njia hii usimbaji wenyewe haukuvunjwa. Kosa lilikuwa kwenye kuunganisha vipande. Thunderbird ilianza kuziba kwa toleo la 52.8 mwezi huohuo, ikabidi iendelee na 52.9 mwezi Julai. Tangu nilipoielewa, picha za kutoka nje siziruhusu zijifungue zenyewe kwenye kompyuta yoyote ninayoiandaa. Mwezi Desemba 2017 ilikuwa zamu ya Mailsploit, iliyowezesha jina la mtumaji kughushiwa kwenye programu zaidi ya 30.

Nikubali la fundi mwenzangu, ingawa kwa shingo upande. Kusasisha kunavuruga wakati mwingine. Thunderbird 78 hiyohiyo iliiondoa Enigmail, nyongeza iliyokuwa ikifanya kazi ya usimbaji, na waliokuwa wakiitegemea kwa miaka wakaamka hawana. Toleo la 115 la mwaka 2023 lilikuja na sura mpya, vitufe vikahama, na mtu mwenye rundo la barua za kujibu kabla ya saa nne asubuhi ana haki ya kukasirika. Bando nalo ni fedha. Lakini faili zima la kusakinisha Thunderbird kwenye Windows halifiki megabaiti 100, na video ya harusi tunayotumiana kwenye kundi la familia hatuipigii hesabu hata siku moja. Kama hofu ni sura kubadilika, yapo matoleo ya muda mrefu yanayopokea marekebisho ya usalama kwa takriban mwaka mzima bila kuhamishiwa kitufe hata kimoja. Kama hofu ni barua kupotea, nakili folda ya wasifu, ile inayobeba barua na mipangilio yako, kwenye diski ya nje kabla hujaanza. Hiyo ndiyo kazi ya fundi, na ndiyo tunayolipwa.

Nawafikiria pia wanaorekebisha. Mwaka 2012 Mozilla, walioianzisha Thunderbird, ilitangaza kupunguza nguvu zake kwenye programu hiyo, na kwa miaka kadhaa mradi ukabebwa zaidi na watu wa kujitolea. Leo unaishi kwa michango ya watumiaji; mwaka 2022 ilizidi dola milioni 6. Mtu amekaa siku kadhaa akitafuta kwa nini kufuli halikuhama. Akiipata sababu, ataandika mistari michache, wenzake wataikagua, toleo litatoka, na hakuna mtumiaji atakayeona tofauti kwenye kioo. Hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika fani yetu, na inaniuma kuiona ikizuiwa mlangoni na mtu aliyeitwa kusaidia.

Pale Iringa niliongea na mkuu wa ofisi, akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Tukanakili folda yote kwenye diski ya nje, nikawasha masasisho, tukatumia bando la simu yangu. Mama alivuta kiti akakaa pembeni, hakusema kitu. Programu ilipofunguka, cha kwanza alichofanya ni kutafuta barua ya mteja mmoja wa Kilolo kuhusu shamba la marehemu mumewe.

"Ipo," akasema, akaanza kuisoma.

Imebaki kompyuta ya wakili, chumba cha pili. Ile fundi aliifunga kwa nenosiri la msimamizi, na tangu Jumanne simu yake inaita tu, haipokelewi.