Mraba, Mstatili na Kiwanja Changu

Tangu nilipostaafu jeshini na kuhamia karibu na mji wa Bombo, Uganda, hakuna aliyewahi kunishinda kwa maneno nyumbani mwangu, mpaka binti yangu wa darasa la sita alipoleta kazi ya maumbo na kunisomea kwamba kila mraba ni mstatili. Nilikataa katakata, kwa kuwa mstatili ni mrefu na mraba si mrefu, jambo ambalo hata mbuzi analiona.

"Baba," akasema, "mstatili unadaiwa pembe nne za nyuzi 90 tu. Mraba unazo, kulingana kwa pande zake ni ziada. Kila tooke ni ndizi, lakini gonja na bogoya nazo ni ndizi."

Nikahamia kwenye pembetatu, nikidhani penye pande chache pana nafuu. Wapi! Pembetatu pacha ina pande mbili zinazolingana, hilo nimelikubali. Lakini ile yenye pande tatu sawa nayo, eti, ni pacha, maana hakuna aliyeikataza kuwa na wa tatu. Mwalimu jirani yetu alinifariji kidogo kwa kunieleza kwamba Euklides, yule Mgiriki wa zaidi ya miaka 2000 iliyopita, naye aliutenga mraba na mstatili. Binti hakutishika.

Kilichoniumiza zaidi ni msambamba, ambao pande zake zinazoelekeana ni sawa na sambamba, lakini pembe zake zaweza kuinama zitakavyo. Hapo nikakumbuka kiwanja changu cha futi 50 kwa 100, ambacho dalali alinipimia pande zote nne huku nikitikisa kichwa kwa kuridhika. Alfajiri tulivuta kamba mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Kingekuwa mstatili, kamba zote mbili zingefika karibu futi 112. Moja ilisoma 125, ya pili 97. Pembe zikiinama eneo hupungua hata pande zikitimia, hivyo nimepungukiwa takriban futi za mraba 250, yaani duka zima la futi 10 kwa 25 ambalo mke wangu alikwisha kulichagulia rangi.

Nilimpigia dalali simu. "Afande," akajibu kwa upole, "pande si zimetimia? Pembe hukuniuliza."

Binti yangu amekichora kiwanja hicho daftarini kama mfano wa msambamba usio mstatili, na mwalimu wake ameweka alama ya vema.