Tozo ya ngozi ghafi: hajafika bandarini, lakini analipa mfugaji

Mfugaji wa Kwimba au Magu, mkoani Mwanza, hajawahi kujaza fomu ya forodha, na pengine hatajaza maisha yake yote. Hata hivyo, ng'ombe wake anaposimama mnadani, tozo ya asilimia 80 inayotozwa ngozi ghafi ziendazo nje ya nchi imeshapunguza bei yake. Mchinjaji akimkagua ng'ombe hapigi hesabu ya nyama tu. Anahesabu kichwa, miguu, utumbo, maini na ngozi. Ngozi ikikosa soko, anaitoa kwenye hesabu, na pengo hilo analiziba mwenye ng'ombe.

Wanaoitetea tozo hii wana hoja ya maana. Nchi kama Tanzania, yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, haipaswi kusafirisha ngozi ghafi halafu inunue viatu vya shule kutoka nje. Mwanza yenyewe ilikuwa na kiwanda cha ngozi enzi za viwanda vya umma, sawa na Moshi na Morogoro, kikabinafsishwa, kikafungwa. Wanasema mlango ukiachwa wazi, ngozi zitakwisha kabla mashine hazijawashwa. Wanaitaja pia Ethiopia, iliyoweka kodi ya asilimia 150 mwaka 2008, na miaka minne baadaye kampuni ya viatu ya Huajian kutoka China ikaanza uzalishaji huko. Kwa anayetafuta ajira za vijana, hoja hizo hazipuuziki.

Lakini tuipige hesabu yenyewe. Mnunuzi wa nje akitoa dola 10 kwa ngozi moja, dola 8 zinakwenda kwenye tozo. Zinabaki 2. Humo kwenye mbili msafirishaji atoe nauli ya lori kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, alipe ghala, vibarua na chumvi, apate faida, ndipo amlipe aliyechinja. Haiwezekani. Basi hauzi nje, na Serikali nayo haipati zile dola 8. Anayebaki sokoni ni mnunuzi wa ndani, ambaye hana sababu ya kupandisha bei kwa sababu hana wa kushindana naye.

Hapo kwenye chumvi ndipo pa kutulia. Ngozi mbichi kwenye joto letu huanza kuoza ndani ya saa chache. Ili idumu, inahitaji chumvi karibu theluthi moja ya uzito wake. Ngozi ya kilo 20 inakula kilo 6 hivi. Nani atanunua kilo 6 za chumvi kuitunza ngozi ambayo bei yake hairudishi hata gharama hiyo? Mchunaji naye analipwa kwa idadi ya ng'ombe aliowachuna, si kwa uzuri wa ngozi, kwa hiyo kisu kinakwenda mbio na kuacha matobo mgongoni, mahali penye ngozi nzuri kuliko pote. Ngozi inatandazwa chini kwenye udongo badala ya kuwambwa kwenye fremu, au inatupwa shimoni nyuma ya karo, yaani sakafu ya kuchinjia. Kisha mwenye kiwanda analalamika kwamba ngozi za Kanda ya Ziwa ni mbovu. Ni kweli ni mbovu, na tozo iliyowekwa kwa ajili yake imechangia kuziharibu.

Haki itendeke: si kila kitu ni kosa la tozo. Bei ya ngozi duniani ilishuka sana baada ya 2014, viatu vya raba na ngozi bandia vilipotawala. Hiyo, kwangu, ni sababu ya kuipunguza. Viwango vikubwa namna hii vilianza bei zikiwa nzuri: mwaka 2012 tozo ilipandishwa kutoka asilimia 40 hadi 90, na baadaye ikawa 80. Soko limebadilika, tozo bado ni kubwa mno.

Mfugaji afanye nini wakati huo? Asiitegemee ngozi, ajenge bei yake kwenye uzito. Unenepeshaji wa maksai kwa mashudu na maganda ya mbegu za pamba unafanyika huku kwetu, ingawa mashudu nayo hupanda bei pamba ikikosa mvua, kwa hiyo ni busara kuyanunua msimu wa kuchambua pamba na kuyahifadhi. Auze wachache wachache kabla ya kiangazi kikali badala ya kusubiri kundi likonde. Achunguze soko la Kenya kupitia mpaka wa Sirari: ndani ya Afrika Mashariki ng'ombe hatozwi ushuru wa forodha, ingawa vibali na karantini vina gharama zake. Chapa aipige mguuni au shavuni, siyo ubavuni. Na wafugaji wakiuza kwa kikundi, wanaweza kudai ngozi ihesabiwe wazi kwenye bei.

Hayo yanapunguza maumivu tu. Mimi ningependa tozo ishuke kwa hatua zinazotangazwa miaka kadhaa mapema, ili mwenye kiwanda ajipange na msafirishaji arudi sokoni, na kinachokusanywa kiende kwenye makaro: fremu, chumvi, visu vya kuchunia na malipo ya ziada kwa mchunaji anayetoa ngozi isiyo na tobo. Tozo ya asilimia 15 inayolipwa kweli ingekuwa na fedha ya kufanya hivyo. Hii ya 80 haina.