Shusha hiyo keria

Simama asubuhi kwenye barabara ya kutoka Malindi kwenda Mombasa, uhesabu Probox zinazopita na keria tupu, ile fremu ya kubebea mizigo, juu ya paa. Mimi nami nilikwenda hivyo miaka miwili. Keria niliifunga siku ya kuhamisha vitanda vya shangazi, kisha ikabaki. Kila wiki Mombasa na kurudi, kilomita mia na ushee kila upande, na juu hakuna hata kikapu.

Keria tupu hula mafuta. Hizo ni pesa tunazozimwaga barabarani, na kwa bei ya petroli ya leo, ni karo ya mtoto.

Na sisi watu wa mwambao ndio tungepaswa kulijua hili mapema. Mjomba wangu alikuwa nahodha. Alinifunza nikiwa mdogo: usitazame omo, mbele ya chombo, peke yake, tazama maji nyuma ya tezi, kule mwisho wake, yakizunguka na kutoa povu, chombo kinavutwa nyuma. Na hewa ni vivyo hivyo. Gari huipasua mbele na kuacha mvurugiko nyuma, na mvurugiko huo ndio unaolivuta kinyumenyume. Jodari kichwa chake kinene, mkia ndio uliochongoka, maji yasizunguke nyuma yake, naye ni katika samaki wenye mbio kubwa baharini. Keria huja kuikatakata hewa iliyokuwa ikiteleza vizuri juu ya paa.

Ukienda taratibu mjini hutaona tofauti kubwa. Shida iko kwenye mwendo, kwa sababu ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo huo. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, hewa inakusukuma kwa nguvu zaidi ya mara moja na nusu. Sasa tia kusi, upepo utokao kusini. Kuanzia Aprili hadi Septemba, ukishuka Mombasa, hukujia usoni na ubavu wa kushoto. Kusi ya kilomita 20 ikikukabili, mshale ukisoma 80, gari linapigana na hewa ya 100. Hizo ni pepo za mbisho, na nahodha hakuzipuuza hata siku moja. Ukipita msitu wa Arabuko Sokoke miti hukukinga kidogo. Ukitoka mahali pa wazi unasikia gari limelemewa, nawe unazidi kukanyaga mafuta.

Serikali ya Marekani inawaambia madereva wake kwamba sanduku kubwa la mizigo juu ya paa hula asilimia 10 hadi 25 ya mafuta kwenye barabara kuu za mwendo mkali, na mzigo huohuo ukifungwa nyuma ya gari hula asilimia 1 hadi 5 tu barabara kuu. Keria tupu si sanduku, lakini haipiti bure. Na wenye pikapu, turubai linalopigapiga kama tanga lililolegea nalo linavuta gari nyuma, likazeni kamba.

Anayebeba makuti au magodoro kila siku sina neno naye, keria ndiyo riziki yake. Nasema na sisi wengine. Kuishusha ni kazi ya spana na robo saa.

Yangu imeegemea ukuta wa nyuma ya jiko. Wiki ijayo jirani anahamia Mambrui na ameniomba nimbebee kabati. Nitaifunga asubuhi, na nikirudi jioni nitaishusha kabla ya kuingia ndani.