Jopo lilitaka "nilifanya", mimi nikasema "tulifanya"

Mwaka 2014, baada ya kidato cha sita, nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu katika kambi moja mkoani Pwani. Miaka minane baadaye, nikiwa mkaazi wa kudumu wa Marekani, nilijikuta kuruta kwa mara ya pili, safari hii Fort Jackson, South Carolina, ambako mafunzo ya awali ya jeshi la nchi kavu huchukua wiki 10. Jasho ni lile lile. Kilichonishangaza ni namna kiongozi anavyopatikana.

JKT hatukugombea. Kijana mmoja mfupi kutoka Tabora ndiye aliyeanzisha chenja, zile nyimbo za mchakamchaka, alfajiri miguu yetu ilipokwisha kugoma, na kwenye foleni ya chakula alisimama mwisho na sahani yake. Afande alimtazama wiki mbili, akamwita mbele, na hakuna aliyeuliza sababu. (Mimi nilidhani urefu wangu ungetosha.)

Fort Jackson, tuzo ya kiongozi bora wa awamu ilikuwa ya kushindaniwa. Zilihesabiwa alama za mazoezi ya viungo na za shabaha, ambapo kati ya malengo 40 unafaulu kwa kupiga 23 na unaitwa mlengaji hodari ukifikisha 36. Kisha ukasimama wima mbele ya jopo la masajenti. Nilikuwa nimepiga 37, na maadili saba ya jeshi niliyataja bila kukwama. Swali la mwisho lilikuwa: umeongoza nini? Nikaeleza usiku ambao mwenzetu aliteguka kifundo cha mguu katika matembezi, tukagawana vitu vya begi lake na kumweka katikati ya safu. Sajenti akanikatiza: "Nimekuuliza wewe ulifanya nini." Wazo la kugawana mzigo lilikuwa langu, lakini neno "mimi" liligoma kutoka, nikarudia "tulifanya". Tuzo ilikwenda kwa binti wa Ohio aliyesema "niliamua, nikapanga, nikahakikisha", na kwa haki aliistahili.

Kwetu anayesema hivyo anajipigia debe, na malezi hayo siyajutii. Hata hivyo nimekuja kuona kwamba "tulifanya" yetu ina upande wa pili, kwa maana kazi ikiharibika neno hilo halina mwenyewe wa kuulizwa, na ofisini tumelitumia sana kujifichia. Wamarekani nao wana kioja chao: kujitoa kwa ajili ya wengine ni mojawapo ya yale maadili saba, lakini mbele ya jopo unatakiwa kuutangaza moyo huo kama mchuuzi anayenadi nyanya.

Mkesha wa kuhitimu nilimpigia mama simu, nikamsimulia yote, jopo, alama na binti wa Ohio. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule mwenzangu wa kifundo amepona.