Shemeji Yenu Hajanipiga Mwiko

Wanagrupu, pole zenu nazirudisha zote. Mke wangu hajanipiga na mwiko wa moto, wala upawa, wala mkono. Hadithi ya mwiko kaitunga Mudi, na mmemwamini kwa sababu ana sauti nzito na anakunywa kahawa chungu bila kukunja uso. Leo nisikilizeni mimi mwenye shavu.

Mnaijua ile taa mpya ya dukani, nyeupe pee, inayomulika mpaka ng'ambo ya mfereji. Mvua ya masika ilikuwa imekatika, sisi tuko chini yake na vikombe vyetu. Udongo umelowa, majani yanaoza mferejini, taa nyeupe inawaka: hapo nairobi flai, yule mdudu anayebabua ngozi, hahitaji kadi ya mwaliko. Wanaishi kwenye unyevu kama huo na kwenye majaruba ya mpunga, na giza likiingia wanafuata mwanga. Kenya walikiona cha moto baada ya zile mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Basi mmoja akaonekana kwenye benchi, watu wakaruka. Mimi, mnanijua, nikaanza darasa.

"Jamani, kwanza huyu si nzi. Ni mbawakawa."

Nikawaonyesha: kimwili chembamba, milimita 7 hadi 10. Kichwa cheusi, kifua na tumbo rangi ya chungwa, ncha ya mkia nyeusi, na katikati kibandiko cha buluu kinachong'aa. Hicho kibandiko ndicho kifuniko cha mbawa, na mbawa zenyewe zimekunjwa chini yake. Anaruka vizuri tu, ila muda mwingi anatembea huku kanyanyua mkia, watu wanadhani anataka kuchoma. Hachomi. Haumi. Wala hakojoi sumu, na mzee wangu wa kahawa anisamehe, najua ulilelewa hivyo. Sumu inaitwa pederini, imo ndani ya damu yake, na haikupati mpaka umponde.

Hapo kijiwe kimetulia, nikanogewa. Nikawaambia hata hiyo sumu haitengenezi yeye, inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya majike, nao wanairithisha kwenye mayai. Madume wengi wana kiasi kidogo tu. Wachina walishamwandika kwenye kitabu cha dawa mwaka 739. Na wanasayansi walipotaka kuichunguza hiyo pederini, ilibidi wakusanywe wadudu milioni 25.

"Nani aliwahesabu?" Mudi akauliza.

Ndipo nikahisi vijiguu chini ya sikio la kushoto.

Hapa naomba twende polepole, maana Mudi akisimulia anaparuka.

Vijiguu vinashuka kuelekea taya. Sina hofu. Nani kwenye lile benchi anajua kuliko mimi? Ukimkuta mwilini unampuliza, au unamwekea karatasi mbele apande mwenyewe ukamtupe nje. Mbele yangu kuna karatasi ya kashata, iko wazi, safi. Nanyoosha mkono taratibu ili asishtuke. Nageuza macho. Namwona Mudi ananiangalia shingoni. Uso wake umejaa upendo.

"Tulia hivyohivyo," ananiambia.

Nafungua mdomo niseme "usimpige". Wallahi nimefika "usi".

Kiganja cha Mudi mnakijua, kimebeba magunia miaka yote ile. Nakiona kinapanda, kinapita mbele ya taa, kivuli chake kinanifunika macho yote mawili. Nawaza: Mola wangu, awe dume. Kofi likatua. Na kofi lenyewe lingekuwa na nafuu, sumu ingebaki doa moja. Lakini Mudi ni fundi, hapendi kazi nusu. Akakandamiza, akaburuta kutoka chini ya sikio mpaka kidevuni, mstari mmoja ulionyooka, kisha akanionyesha maiti kidoleni.

"Nimekuokoa, ndugu yangu."

Nikaomba sabuni na maji. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza: unaosha papo hapo, sabuni na maji mengi, husugui, na mikono unanawa kabla hujagusa macho. Muuza duka akasema haniuzii kipande, mche mzima au basi. Tukabishana bei huku pederini inaingia. Mwishowe nikanunua mche mzima na chupa ya maji, nikanawa hapohapo. Nikamwambia Mudi naye anawe, sabuni hiyo nishailipia. Akajibu mwanamume hanawi kwa sababu ya mdudu, akaenda zake uani kujisaidia.

Balaa la kitu hiki ni kwamba hakiumi siku hiyo. Pederini inazuia chembe za ngozi zisitengeneze protini, na chembe hizo hazifi papo hapo. Matokeo yanakuja baada ya saa 24 hadi 48. Kwa hiyo kesho yake nimeamka shavu laini, na Mudi kazunguka mtaa mzima anatangaza kwamba mimi ni muongo, wadudu milioni 25 nimewatunga.

Keshokutwa asubuhi mke wangu akaniangalia, akasema, "Baba, umelala na nini?"

Mstari mwekundu toka sikioni mpaka kidevuni, unene wa mpini wa mwiko. Malengelenge madogo juu yake, yanaungua, mengine yanageuka manjano. Tena shingoni pana mstari wa pili unaofanana nao, kwa sababu ukiinamisha kichwa taya linalalia shingo na sumu inajinakili. Ndiyo maana Mudi anawaambia nimepigwa mbili.

Sasa kumbukeni siku hiyo ilikuwa siku gani. Sendofu ya shemeji yangu! Nimekaa meza ya mbele, shati jeupe, mistari miwili. Mama mkwe akaniangalia. Akamwangalia binti yake. Akaniangalia tena, akamvuta binti yake pembeni, na masikio yangu yakadaka: "Mwanangu, hata kama kakosa, si kwa moto." Nikasimama nieleze kuhusu bakteria. Shangazi mmoja akanikalisha akanipa soda.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Zahanati waliniambia nikande kwa kitambaa cha maji baridi, nipake krimu ya haidrokotisoni, nisipasue malengelenge, na vidonge vya antibiotiki viwe kama kidonda kitaoza. Dawa ya meno mliyonishauri, hapana. Huwa inapona kwa wiki moja hadi tatu, alama nyeusi inakawia. Nyumbani tumehamisha kitanda, kisikae chini ya taa, neti inachomekwa, na madirisha yanafungwa kabla taa haijawashwa.

Sasa tumalizie na Mudi. Kiganja chake hakikupata hata kipele, kwa sababu ngozi ya kiganja ni nene na sumu haiipenyi kirahisi. Inakaa tu juu, inasubiri kupelekwa penye ngozi laini. Na mtakumbuka hakunawa, na mtakumbuka alikwenda wapi.

Jana nimemkuta duka la dawa, kavaa msuli mchana kweupe, miguu kaitanua, ananong'ona na mfamasia kuhusu haidrokotisoni. Aliponiona akageukia rafu ya pempasi akawa anasoma bei. Grupu zima limuulize yeye mwiko umempata wapi.