Nyumba ya Karen Blixen: ulinzi wa mawe na kumbukumbu ya ardhi

Je, nyumba ya mlowezi inastahili kutunzwa kama mali ya taifa? Swali hili likizuka Nairobi, nyumba inayotajwa upesi ni ile ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, katika mtaa wa Karen unaotazamana na vilima vya Ngong. Wapo wanaoiona kuwa hazina, na wapo wanaoiona kuwa sanamu ya ukoloni. Pande zote mbili zina hoja nzito.

Nianze na jengo lenyewe, kwa sababu ni zuri. Lilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, mhandisi Mswidi. Halina ghorofa. Kuta ni za mawe, paa ni la vigae, na vyumba vimetandazwa kwa upana badala ya kupandishwa juu. Varanda inakinga jua la mchana na kuyaleta mandhari ya Ngong hadi mlangoni. Ndani kuna mbao ukutani na mahali pa kuotea moto, maana eneo hilo liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na jioni zake ni za baridi. Hivyo ndivyo Wazungu walivyojenga katika viunga vya Nairobi nusu ya kwanza ya karne ya 20. Viwanja vya Karen vinapozidi kukatwa na kujengwa upya, mfano uliokamilika kama huu una thamani kwa yeyote anayesoma historia ya ujenzi, hata asipomjali mwenye nyumba.

Lakini mwinuko huohuo ulioifanya nyumba iwe na hewa safi ndio ulioitesa kahawa ya shamba alilolisimamia Blixen. Shamba lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, na 600 hivi zilipandwa mibuni. Ukame na bei mbaya viliongeza mzigo, na mwaka 1931 kampuni iliyomiliki shamba ikauza kila kitu. Mnunuzi aliigawa ardhi kuwa viwanja vya makazi, na hapo ndipo mtaa wa kifahari ulipoanzia.

Hapa ndipo hoja ya wapinzani inapouma. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilimwezesha mlowezi kukodi ardhi kwa miaka 999. Wakikuyu waliokuwa na maboma yao ndani ya shamba waliitwa maskwota, na ili wabaki walitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Shamba lilipouzwa, Blixen aliwatetea wahamishwe pamoja badala ya kutawanywa, na serikali ikawapa sehemu ya Dagoretti. Ni tendo la utu, nami nalihesabu. Hata hivyo walihama, na maboma yao hayakuwa ya mawe. Tukilinda kilichojengwa kwa mawe pekee, tunamlinda aliyekuwa na uwezo wa kununua mawe.

Denmark iliinunua nyumba hiyo na kuikabidhi Kenya wakati wa uhuru. Ikawa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya Out of Africa, filamu maarufu ya Hollywood kuhusu maisha yake, kuwavuta watalii. Filamu ile imeacha alama: wageni wengi huja kutafuta mapenzi ya Blixen na mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton, hawaji kutafuta historia ya kazi na ardhi.

Wanaosema iachwe ianguke siwaungi mkono. Ikibomolewa leo, kiwanja kitakwenda kwa tajiri mwingine, na hakuna mjukuu wa skwota atakayepata hata robo ekari. Ushahidi wa kilichotendeka utakuwa umepotea bure. Ila ulinzi wa sasa haunitoshi pia, kwa kuwa bado kitovu cha simulizi ni bibi wa nyumba. Jiko, palipokuwa na kazi ya Kamante Gatura, mpishi wake, linastahili maelezo marefu kuliko chumba cha kulala. Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba, vivyo hivyo. Na Makavazi ya Kitaifa, yanayoisimamia nyumba hii, yangeweza kuweka ukutani ramani moja kubwa ikionyesha mashamba na maboma ya maskwota, ikilazwa juu ya viwanja vya Karen ya leo, pamoja na njia ya kwenda Dagoretti. Wazee wa Dagoretti waulizwe kwanza, kabla ramani hiyo haijachorwa.